Barua ya Tarehe Kumi na Sita Juni: Maisha ya Dama Mramba, Seta

Jumatano tarehe 10 Septemba 2025, saa kumi na moja jioni, katika wodi alimolazwa upande wa Port Reitz, Dama Mramba alimwomba mumewe, Bwana Ziro Munga, amkate kucha, akazikata, naye akazitazama na kusema, "Bado ndefu hizi, rudia," kana kwamba kesho yake ana mechi. Bwana Ziro akarudia. Alipofika kidole cha saba mkewe alikuwa amesinzia, na neno alilokuwa amelificha kwa miaka miwili na ushei, ambalo siku hiyo alilileta hadi kitandani akikusudia kulisema, akalimeza tena, akajiambia kuwa kesho ipo. Dama aliaga dunia Alhamisi tarehe 11, saa kumi na dakika ishirini alfajiri, bila kulisikia.

Historia hii inasomwa na shemeji yake kwa niaba ya familia, kwa idhini ya wazazi wa pande zote mbili na kwa ombi la Bwana Ziro mwenyewe. Wengi mlioketi chini ya turubai hili mlimjua marehemu kwa jina la Ongeza, jina alilopewa mwaka 2023 ilipodaiwa kuwa aliiacha timu yake kwa tamaa ya pesa. Kabla hajateremshwa kaburini, jina hilo litaondolewa juu yake na kupewa mwenye kustahili kulibeba.

Dama alizaliwa tarehe 9 Aprili 1992 huko Mishomoroni, Kisauni, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Mramba, fundi wa makuti na baadaye wa mabati, na Mama Kafedha, aliyekuwa akiuza mihogo ya kukaanga penye njia panda. Alianza shule ya msingi Januari 1999 na kuimaliza Novemba 2006, kisha akasoma shule ya upili ya kutwa hapo hapo Kisauni kuanzia 2007 hadi 2010. Kidato cha pili, Mwalimu Nyambura, aliyekuwa akifundisha hesabu na voliboli, alimtazama akirukaruka wavuni kwa kimo chake kifupi akamwambia, "Wewe acha kupiga, utawapa wenzako wapige," na siku hiyo akawa seta, yaani yule anayeugusa mpira wa pili na kuuinua ili mwingine aupige na kushangiliwa.

Tarehe 7 Machi 2012 aliajiriwa katika kiwanda kimoja cha magunia, Changamwe, akishona magunia hadi saa nane mchana na kuichezea timu ya kiwanda baada ya hapo, kwa mshahara mmoja. Timu hiyo watu waliiita Magunia tu. Nahodha wake alikuwa Mwanarehema, mpigaji wa kushoto kutoka Likoni, ambaye wiki ya kwanza alimwambia, "Ukinipa mpira mbovu mie sikupigii kelele, nakunyamazia, na kunyamaza kwangu ni kubaya zaidi," nao wakawa mashoga kuanzia hapo. Kocha alikuwa Dancun, mtu wa bara, mpole, ambaye Kiswahili chake kiliwachekesha wasichana wote.

Bwana Ziro alimwona mara ya kwanza mwaka 2014, akiwa amehitimu chuo kikuu na kuajiriwa kuwa ofisa wa vipimo, kazi yake kuzunguka masoko ya Kongowea na Changamwe akikagua mizani za wafanyabiashara. Posa ilipelekwa Agosti 2015. Kama ilivyo kwetu, mwenye kuoa hakufungua kinywa wala mwenye kuolewa, walisema washenga, na kibuyu cha tembo kiliponywewa jambo likawa limekwisha. Mwezi uliofuata Dama aliitwa kwenye kambi ya timu ya taifa, na baba zake wadogo wakamjia Mzee Mramba wakitaka posa ifunguliwe upya kwa kuwa binti amepanda thamani, naye akawajibu, "Hilo tembo tulikwisha kulinywa, sasa mwataka nilitapike kibuyuni?" Harusi ilifungwa Jumamosi tarehe 19 Desemba 2015, wakaishi Mjambere, na tarehe 2 Agosti 2017 wakajaliwa binti yao wa pekee, Linda.

Ni lazima isemwe hapa, maana bila hili mengine hayataeleweka, kwamba Bwana Ziro alikuwa na wivu. Mwanzo alidhani anamwonea wivu Kocha Dancun, akamchunguza kwa miezi minne kwa makini ya mtu aliyezoea kukagua mizani, akagundua kuwa kocha hana habari na mke wa mtu, jioni zake huzimaliza akiongea kwa simu na watoto wake waliobaki nyumbani kwao na kuhesabu mipira. Ndipo alipotambua kuwa anaionea wivu timu nzima, wanawake kumi na wawili na wavu wao. Seta huwaambia wenzake mpira utakwenda wapi kwa ishara za vidole, mkono ukiwa nyuma ya mgongo ili wapinzani wasione, na Dama alikuwa na mazoea ya kuzifanya ishara hizo hata jikoni, akingoja nazi ichemke, bila kujijua. Mumewe alikuwa akikaa mezani na kuvitazama vidole vile vikisema, na mtu mwenye shahada hakuweza kusoma hata neno moja, ilhali Mwanarehema, ambaye darasa la saba hakulimaliza, angesoma yote. Siku moja alimwuliza maana yake. "Hizo siri za kazi, Baba Linda," alisema huku akicheka, "nikikwambia wewe kesho utaziandikia ripoti." Wote wawili walicheka, ila mmoja hakufurahi.

Tarehe 1 Februari 2021 Dama alitia saini mkataba wa miaka minne na kiwanda. Kufikia mwanzo wa 2023 alikuwa seta bora wa ligi, goti lake la kulia limeanza kuvimba, na klabu moja ya Nairobi imetuma salamu. Mkataba haukusema lolote juu ya kuumia, na mshahara ulikuwa ule ule wa mshonaji aliyeongezewa nauli. Jambo hilo lilizungumzwa Jumapili ya Pasaka, tarehe 9 Aprili, nyumbani kwa Mzee Mramba, siku ambayo pia Dama alitimiza miaka thelathini na mmoja.

Bwana Ziro alisema mkataba ni mizani, kilichomo kwenye sahani moja kikizidi uzito, jiwe la sahani ya pili nalo liongezwe, vinginevyo mmoja anaibiwa. Mzee Mramba alimsikiliza hadi mwisho akasema, "Mkwe wangu, mie ningeshika maneno yako hayo mwaka ule, mke usingempata." Watu walicheka sana. Bwana Ziro akajibu kwamba ahadi ya nyumba mbili si sawa na ahadi ya kiwanda, kwa sababu kiwanda hakina goti. Dama aliwaacha wabishane mpaka chai ikapoa, kisha akasema, "Mie sitaki kuuvunja mkataba wa mtu. Nataka waufungue, tuketi, watie goti langu na jasho langu humo, halafu niumalize. Wakijibu vizuri, siku hiyo hiyo narudi uwanjani." Maneno hayo aliyasikia baba yake, na mama yake, na mumewe.

Basi Jumatatu tarehe 5 Juni aliacha kwenda mazoezini. Mwanarehema alipewa habari mapema, akamwambia, "Goma, shoga, una haki ya kulipwa, lakini nusu fainali tukukute," naye akaahidi. Na kwa kuwa alilelewa katika nyumba ambamo makubaliano hayasemwi na mwenyewe, Dama alimfanya mumewe kuwa mshenga wake, akamwambia kocha kuwa lolote la kiwanda lipitie kwa Baba Linda, na kocha akaheshimu, na wachezaji wakaheshimu, kwani kumruka mshenga ni kumtukana. Tangu siku hiyo hakuna aliyempigia Dama simu juu ya jambo lile, naye hakumpigia mtu.

Siku zile kumi na moja zilizofuata, Bwana Ziro alikuwa akifika nyumbani saa kumi na mbili kasorobo na kumkuta mkewe. Alimkuta ameketi barazani na Linda, nywele zimesukwa, samaki tayari yuko kwenye mafuta. Walikula pamoja watatu kila jioni, jambo ambalo halikuwahi kutokea siku mbili mfululizo tangu mtoto azaliwe. Dama alimhadithia habari za utotoni mwake ambazo mumewe hakuwahi kuzisikia, na Jumapili walikwenda Nyali pwani, akavua viatu, akalala juu ya mchanga akasema hajui mara ya mwisho kupumzika ilikuwa lini.

Ijumaa tarehe 16 Juni, saa nne asubuhi, Kocha Dancun alifika ofisini kwa Bwana Ziro amevaa shati la kanisani, akampa bahasha kwa mikono miwili. "Bwana Ziro, hii maneno imeisha," alisema. "Wamekubali goti, wamekubali nyongeza, mwambie Mama Linda asaini tu, Jumatatu tukutane uwanjani." Barua ilikuwa na muhuri, na ilitaka jibu kabla ya Ijumaa tarehe 23. Matibabu yote ya goti yalikuwa juu ya kiwanda, na nyongeza ilikuwa zaidi kidogo ya ile aliyoiomba.

Bwana Ziro aliisoma mara mbili, akaiweka katika faili la mizani za Changamwe, akaenda nyumbani. Dama alimwuliza, "Wamejibu?" Akamwambia, "Bado." Alikusudia siku moja tu, ya Jumamosi. Jumamosi ikazaa Jumapili, na Jumatano tarehe 21 Dancun alipompigia, alisikia mdomo wake ukisema, "Amekataa, anataka zaidi." Kocha akauliza, "Zaidi ya hiyo?" naye akajibu, "Zaidi ya hiyo."

Jumamosi tarehe 1 Julai timu ya Magunia ilicheza nusu fainali na seta wa miaka kumi na tisa aitwaye Fancy, binti mwenye mikono mizuri na moyo wa uoga. Dama aliitazama mechi kwenye simu, kwa kuwa kuna shabiki aliyekuwa akiirusha, akiwa amesimama katikati ya chumba muda wote, mikono juu, akisema na simu, "Nyuma, Fancy, mpe Mwanarehema, yuko peke yake, mpe!" Walipoteza seti ya nne, ishirini na tano kwa ishirini na tatu, na mwaka wao ukaishia hapo. Dama aliketi kitandani akasema kuwa wenye kiwanda hawana huruma, hata barua ya kukataa wameshindwa kuandika. Mumewe alikuwa amesimama mlangoni, na hapo pia hakusema.

Kesho yake Mwanarehema alivuka kutoka Likoni hadi Mjambere. Alikataa kuingia ndani, akasema kutoka kizingitini, "Sikuja kuketi, Dama. Nimekuja kukuuliza, umetuuza bei gani?"

"Mie nimewauza? Waulize matajiri wako mbona hawajibu."

"Hawajibu! Wallahi, mwanamke huna haya. Timu nzima yajua ulichopewa, wewe wataka nini, uongezwe kiwanda chenyewe?"

"Toka mlangoni kwangu, Mwanarehema."

"Natoka. Na sirudi."

Kila mmoja aliamini kuwa mwenzake anasema uongo. Bwana Ziro alikuwa jikoni akiosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa, hatua sita kutoka mlangoni, na Dama alipoingia akilia alimkumbatia, na katika kumkumbatia kule, haya ni maungamo yake, kulikuwa na chembe ya furaha.

Kiwanda kilivunja mkataba tarehe 10 Julai kwa kosa la mchezaji kutofika kazini, na klabu ya Nairobi, iliposikia sifa mpya za seta huyo, ilinyamaza. Jina la Ongeza lilianzia Changamwe, likavuka daraja, likamfikia hadi sokoni Kongowea, ambako wauza nyanya walimwita, "Ongeza, leo nikuongeze nini?" naye alikuwa akiwajibu, "Heshima, kama unayo dukani." Kuanzia Januari 2024 alifundisha voliboli wasichana wa shule ya msingi jirani na kushona sare nyumbani. Alikuwepo nyumbani kila jioni, kama mumewe alivyotamani, ila hadithi za utotoni hazikuendelea, na vidole vyake, vikiwa nyuma ya mgongo au mbele, vilitulia kabisa. Mumewe alikuwa ameionea wivu timu, sasa akaanza kuzionea wivu zile siku kumi na moja.

Mnamo Februari 2025 marehemu alianza kuchoka na kutokwa na damu puani, na tarehe 27 ya mwezi huo akagundulika kuwa na saratani ya damu. Alilazwa mara tano. Alihitaji kuongezewa damu mara kwa mara, na mwezi Julai, akiba ilipopungua, wanawake wanne warefu walifika hospitalini, wakaandika majina, wakatoa damu, wakaondoka bila kuingia wodini. Muuguzi alipomsomea Bwana Ziro majina hayo alitambua yote manne, la kwanza likiwa la Mwanarehema. Hakumwambia Dama. Alikaa kando ya kitanda akiitazama damu ikishuka tone kwa tone kwenye mrija, akajua kuwa hata ndani ya mishipa ya mkewe wao wamefika na yeye yuko nje, na alichoona kwanza moyoni mwake hakikuwa shukrani.

Marehemu ameishi miaka thelathini na mitatu, miezi mitano na siku mbili, na katika ndoa miaka tisa, miezi minane na siku ishirini na tatu. Ameacha mume, binti mmoja, wazazi wote wawili na ndugu wanne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, na hasa yule muuguzi wa zamu ya asubuhi aliyekuwa akimchana nywele. Inawashukuru majirani wa Mjambere, Waislamu na Wakristo, waliopika, waliomlea Linda na waliokesha matangani, wafanyakazi wenzake Bwana Ziro waliotoa gari, wasichana wa shule waliokuja na mwalimu wao, na wote waliotoa damu, wale walioingia wodini na wale ambao hawakuingia.

Limebaki jambo moja, la asubuhi ya Ijumaa tarehe 12, siku iliyofuata kifo chake. Saa kumi na mbili na robo Bwana Ziro alifika kwenye uwanja ulio nyuma ya kiwanda, ambako siku hizi timu hufanya mazoezi kabla ya zamu. Walikwisha kusikia msiba, hawakuwa wakicheza, walikuwa wameketi mchangani. Mwanarehema alisema, "Pole, shemeji," bila kuinua macho. Bwana Ziro hakuketi, alitoa barua akaisoma yote, kuanzia muhuri hadi saini.

"Soma tarehe," alisema Mwanarehema.

"Kumi na sita Juni, elfu mbili ishirini na tatu."

"Soma tena."

Akasoma tena. Kocha Dancun alisema polepole, "Lakini wewe uliniambia amekataa," naye akajibu, "Nilikuambia. Hakuiona. Nilitaka akae nyumbani." Hakuongeza sababu nyingine kwa kuwa haikuwapo.

"Amekufa hajui?" Mwanarehema aliuliza.

"Hajui."

Mwanarehema aliinama, mkono mmoja chini kama mtu aliyepigwa na mpira tumboni. "Nimempita mara mbili kivukoni, Ziro," alisema, na neno la shemeji hakulitumia tena. "Mara mbili. Nikampita kama napita mti." Fancy alilia kwa sauti na hakuna aliyemnyamazisha. Baada ya muda Mwanarehema akasimama, akapangusa mchanga, akasema, "Hiyo barua utaisema mbele za watu, na jina lako ulitaje. Na Dama tutambeba sisi."

Bwana Ziro alimwambia kwa utaratibu kwamba kwa mila ya kwao jeneza hubebwa na wanaume wa ukoo, na mume huwa mbele.

"Mila ya mshenga uliifuata?"

Bwana Ziro aliikunja barua. Akaomba basi apewe mkono mmoja wa jeneza, hata wa nyuma, na Mwanarehema akawatazama wenzake, akamtazama yeye, akasema, "Hapana. Sisi ni sita, tunatosha." Bwana Ziro akakubali, akamkabidhi Dancun barua, akatoka kwa miguu kuelekea barabarani, akijua kuwa wamehukumu kwa haki, na kila hatua aliyopiga alikuwa akiwaonea wivu, wanawake sita, kwa uzito ambao wangeubeba mabegani naye atembee nyuma mikono mitupu.

Dama binti Mramba, seta wa Magunia, hukumuuza mtu. Jina la Ongeza tangu leo alibebe Ziro Munga. Lala sasa, na amani iwe juu yako.